Umefunga rimu mpya kwenye Mustang, Camaro au Charger ya zamani na gari limeanza vituko: tafuta chanzo hapa

Magari ya Kimarekani ya nguvu ya miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970 yalitoka kiwandani yamevaa rimu nyembamba. Nyingi zilikuwa za inchi 14, upana wake kati ya inchi 5 na 7. Kwa injini za V8 zilizokuwa mbele yake, hizo zilikuwa rimu ndogo mno, na karibu kila anayemiliki gari la aina hii leo hutamani kitu kipana zaidi chini ya fenda zile. Tamaa hiyo naielewa kabisa. Kinachoniuma ni kuona mtu ananunua rimu nzuri, anazifunga, gari linaanza kutetemeka au kusugua, kisha fundi anachukua nyundo na kuanza kupiga bodi iliyodumu miaka hamsini bila kukunjwa.

Matatizo mengi ya rimu mpya huanzia pale rimu inapokutana na kitovu cha gurudumu. Kwa hiyo hata dalili ikiwa huko nje kwenye fenda au juu kwenye usukani, anzia ndani: rimu imelala bapa kwenye kitovu? Iko katikati? Nati zimekaza rimu kweli, au zimekaza kitu kingine? Ukishajibu hayo ndipo uhamie kwenye mengine.

Rimu haiingii, au inaingia kwa kulazimishwa

Chanzo cha kwanza ni PCD, yaani kipenyo cha duara linalopita katikati ya bolti zote. Kwenye kitovu cha bolti tano hakuna bolti inayotazamana na mwenzake, hivyo watu wengi hukisia na kukosea. Pima umbali kati ya bolti mbili zinazofuatana, kutoka ukingo wa kushoto wa moja hadi ukingo wa kushoto wa inayofuata. Ukipata milimita 59.7, PCD ni inchi 4. Milimita 67.2 ni inchi 4.5, ile inayoandikwa pia 114.3. Milimita 70.9 ni inchi 4.75, yaani 120.65. Milimita 74.7 ni inchi 5, yaani 127.

Mustang za V8 za kizazi cha kwanza hutumia bolti tano kwa inchi 4.5, lakini zile za silinda sita za 1965 na 1966 zina bolti nne. Camaro, Chevelle, Nova na Pontiac GTO ni tano kwa 4.75. Charger, Challenger na Road Runner ni tano kwa 4.5. Mtego uko kwa ndugu zao wadogo wa Chrysler: Dodge Dart na Plymouth Valiant za hadi 1972, pamoja na Barracuda za kabla ya 1970, hutumia PCD ndogo ya inchi 4. Hayo ni ya kiwandani tu. Gari la umri huu huenda limebadilishwa ekseli ya nyuma au kuwekewa breki za diski za modeli nyingine, kwa hiyo pima vitovu vyote vinne. Nyuma na mbele kutofautiana si jambo la ajabu.

Usikubali kuambiwa kwamba rimu ya 5x120 (bolti tano, PCD ya milimita 120) "inaingia tu" kwenye kitovu cha 5x120.65. Ni kweli inaingia. Tofauti ni ndogo kuliko milimita moja, ila nati za koni haziwezi kukaa zote katikati ya matundu yake, hivyo kila bolti inavutwa pembeni kidogo kila inapokazwa. Baada ya muda nati hulegea, au bolti huchoka na kukatika.

Chanzo cha pili ni tundu la katikati. Likiwa dogo kuliko kitovu, au kuliko kile kikombe cha grisi cha bearingi za mbele, rimu itasimama kabla ya kufika. Angalia mbele kwanza, maana nyuma mara nyingi huingia vizuri na kukupa matumaini ya bure. Wapo wanaopeleka rimu kwa fundi wa mashine apanue tundu. Mimi singefanya hivyo bila mtengenezaji wa rimu kukubali kwamba chuma kilichobaki kati ya tundu hilo na matundu ya bolti kinatosha.

Na kama nati ndizo zinazokataa upande wa kushoto wa gari la Chrysler, simamisha kazi papo hapo. Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1970 magari hayo yalikuwa na uzi wa kinyume upande wa kushoto: hufunguliwa kwa kuzungushwa kulia. Tazama ncha ya bolti, mara nyingi kuna herufi L. Bolti nyingi za upande huo zimekatwa na watu waliokuwa wakidhani wanafungua.

Imeingia, lakini hailali bapa

Shika rimu kabla hujafunga nati, ikandamize kwenye kitovu, kisha jaribu kuiyumbisha. Ikichezacheza, kuna kitu kati yake na kitovu.

Kwenye dramu, kitu hicho mara nyingi ni vile vibanio vya bati vilivyovishwa kwenye bolti moja au mbili. Kiwanda kiliviweka ili dramu isianguke wakati gari likiunganishwa. Rimu za chuma za asili zilikuwa na nafasi ya kuvimeza, ilhali rimu za alumini zenye uso bapa hazina. Vitoe; rimu yenyewe itaishika dramu.

Kutu ni chanzo kingine, hasa ule ukingo wa kutu unaozunguka kitovu. Safisha kwa brashi ya waya hadi uone chuma. Rangi nayo inahesabika. Rimu iliyopakwa rangi nene ya poda mpaka kwenye uso unaogusa kitovu, au ndani ya viti vya nati, itaonekana imekaza siku ya kwanza, kisha rangi hiyo itasagika na kukonda, nati zibaki zimelegea. Sehemu hizo zinatakiwa ziwe chuma kitupu. Ukiona unga mweupe au mweusi kuzunguka nati baada ya safari kadhaa, rimu imekuwa ikicheza. Usiendeshe tena hadi uivue na kuikagua.

Nati zinaonekana zimekaza, kumbe bado

Hii ndiyo hatari kuliko zote humu, kwa sababu spana inakudanganya.

Nati za rimu ziko za namna tatu kuu: za koni, za mviringo kama nusu mpira, na zile zenye shingo ndefu na washa bapa, ambazo rimu nyingi za alumini za zama hizo zilitumia. Kila kiti kina nati yake. Nati ya koni kwenye tundu la washa bapa hugusa kwa ukingo mwembamba tu. Nati ya shingo nayo ina mtego wake: shingo ikiwa ndefu kuliko unene wa rimu pale kwenye tundu, itafika chini na kugonga dramu au diski. Spana itakwambia imekaza, na rimu iko huru. Pima kina cha tundu, pima shingo pamoja na washa yake, halafu linganisha.

Nati za kromu zilizozibwa kichwa huleta udanganyifu uleule kwa njia nyingine. Kama bolti ni ndefu, ncha yake hugonga paa la nati kabla nati haijaibana rimu. Jaribio lake ni jepesi: funga nati bila rimu kwa mkono, hesabu mizunguko hadi igote, kisha ifunge tena ikiwa na rimu. Ikigota baada ya mizunguko ileile, hiyo nati haifai kwa bolti hiyo.

Upande wa pili ni bolti kuwa fupi. Rimu za alumini ni nene kuliko za bati, hivyo humeza urefu wa bolti. Kanuni ninayoishika ni kwamba uzi unaoshikana uwe angalau sawa na unene wa bolti. Bolti ya nusu inchi yenye nyuzi 20 kwa inchi, iliyo kwenye Ford na magari makubwa ya Chrysler, inataka mizunguko 10 kamili ya nati. Ile ya 7/16 ya magari ya GM, kama Camaro, Chevelle na GTO, inataka 9. Ikipungua hapo, badilisha bolti uweke ndefu zaidi. Hakuna njia ya mkato.

Kwa sababu hiyohiyo sipendi spesa za kupachika, zile sahani bapa zinazovishwa kwenye bolti bila kubadilisha bolti zenyewe. Kila milimita ya spesa ni milimita ya uzi iliyopotea. Kama nafasi inalazimu spesa, iwe ile inayofungwa kwa nati zake kwenye kitovu na yenye bolti zake yenyewe, imetengenezwa kushika kitovu katikati. La sivyo weka bolti ndefu.

Wenye rimu za zamani za matundu marefu, zilizotengenezwa kutoshea PCD zaidi ya moja, wazingatie washa zake. Tundu la washa hizo haliko katikati, na kila washa lazima ikae upande ule ule wa tundu lake, yote ndani au yote nje kulingana na PCD ya gari. Moja ikigeuzwa, rimu nzima inahama kutoka katikati, na utatafuta mtetemo huo kwa fundi wa balansi bila kuupata.

Kukaza: gari likiwa juu, anzisha nati zote kwa vidole, zikaze kidogo kwa kuruka kama unachora nyota, shusha gari, kisha malizia kwa spana ya toki. Kwa bolti za nusu inchi kiwango cha kawaida ni pauni-futi 75 hadi 85, yaani kama Nm 100 hadi 115. Za 7/16 ni nyembamba na nguvu yake ni ndogo, hivyo fuata karatasi iliyokuja na rimu. Uzi uwe mkavu na safi. Mashine ya upepo iache kwa kufungulia. Baada ya kilomita 80 hadi 160 rudia kupima, kwa sababu alumini mpya hujilaza kidogo kwenye viti vyake.

Inagusa breki

Breki za diski za mbele ndizo huleta kero hii. Rimu nyingi za inchi 14 zilizotengenezwa kwa ajili ya gari la dramu hazipiti juu ya kalipa, kile kibanio kinachokumbatia diski. Kampuni ya American Racing ilipolazimika kuipisha diski, ilibadilisha umbo la mikono ya rimu yake ya Torq Thrust na kuiita Torq Thrust D, D ikiwa ya diski. Ukinunua rimu za zamani, ujue ni ipi uliyoshika.

Weka bonge dogo la udongo wa kuchezea watoto juu ya kalipa na jingine usoni pake, funga rimu, izungushe taratibu kwa mkono, kisha ivue. Udongo uliobaki ndio nafasi uliyonayo. Chini ya milimita 3 ni kidogo mno, kwa sababu kila kitu hujikunja kidogo kwenye kona.

Palipogusa panakueleza la kufanya. Mikono ya rimu ikigusa uso wa kalipa, kuisogeza rimu nje kunaweza kusaidia. Pipa la rimu likigusa mgongo wa kalipa, kusogeza nje hakusaidii mara nyingi. Unahitaji rimu kubwa zaidi, au pipa lenye umbo jingine. Diski za inchi 13 ambazo wengi huzipenda siku hizi huhitaji rimu ya inchi 17. Chuma za balansi za kubana nazo hugonga kalipa kwa mlio wa tik-tik-tik unaofuata mwendo wa gari. Agiza za kubandika, zikae sehemu isiyopita karibu na breki.

Ukumbuke pia kwamba baadhi ya vifaa vya kubadilisha dramu kuwa diski husukuma gurudumu nje kwa milimita kadhaa. Rimu iliyokaa vizuri kwa jirani mwenye dramu inaweza kusugua kwako.

Inasugua

Hapa ndipo penye hesabu, na hesabu hii ni ya kufanya kabla ya pesa kutoka.

Kina cha nyuma ni umbali kutoka ukingo wa ndani kabisa wa rimu hadi ule uso unaogusa kitovu. Laza rimu kifudifudi, weka rula ndefu ukingoni, pima kushuka. Ofseti ni jambo lilelile likihesabiwa kutoka katikati ya rimu. Ukumbuke kwamba rimu inayoitwa ya inchi 8 ina upana wa nje wa karibu inchi 9, kwa sababu inchi 8 hupimwa pale tairi linapokaa.

Tuseme gari lina rimu za 15x7 (kipenyo inchi 15, upana 7) zenye kina cha nyuma cha inchi 4.25, na hazigusi popote. Unataka 15x8 yenye kina cha 4.5. Upande wa ndani rimu mpya inaingia robo inchi zaidi, kama milimita 6. Upande wa nje, ya zamani ilitokeza 8 kutoa 4.25, yaani 3.75, mpya inatokeza 9 kutoa 4.5, yaani 4.5. Imetoka nje milimita 19. Tairi lenyewe nalo hutanuka: kila nusu inchi unayoongeza kwenye upana wa rimu hunenepesha tairi lilelile kwa karibu milimita 5, nusu yake kila upande. Kwa hiyo inchi moja ya upana imesogeza ukingo wa rimu karibu sentimita mbili upande wa fenda. Watu husema "nimeongeza inchi moja tu" na kushangaa.

Sasa, kama tayari inasugua, usikisie. Paka chaki kwenye mdomo wa fenda na kwenye kila kitu kilicho ndani karibu na tairi, endesha taratibu ukipita kwenye matuta na kukata kona kamili pande zote mbili, kisha soma alama.

Ikisugua nyuma upande wa ndani, tazama springi zile za vyuma bapa vilivyolaliana, shokapu, na kuta za fremu. Acha kama milimita 13 kati ya tairi na springi, kwa kuwa ekseli huyumba kushoto na kulia kwenye kona. Ikisugua nje, ni mdomo wa fenda, na mara nyingi hutokea tu gari likibeba watu wa nyuma.

Ikisugua upande mmoja tu huku mwingine uko salama, hapo rimu haina kosa. Pima kutoka ukingo wa fenda hadi rimu kushoto na kulia. Kwenye magari ya springi bapa ekseli mara nyingi haijakaa katikati. Bushi zilizokufa, au springi iliyofungwa vibaya, huisogeza. Chevelle na GTO hutumia springi za mviringo na mikono minne, na bushi zake zikilegea ekseli huelea vilevile. Camaro za 1967 hadi 1969 zina fremu ndogo ya mbele iliyofungwa kwenye bodi kwa bolti na bushi, na fremu hiyo hukaa mshazari mara nyingi kuliko wenye magari wanavyodhani. Kulegeza bolti, kuiweka fremu sawa na kukaza upya kumewahi kuponya msuguano ambao watu walikuwa tayari kuukatia fenda. Sahihisha hayo kwanza. Huwezi kujua rimu gani inatosha kwenye gari lililopinda.

Mbele, msuguano kwenye kona kamili huwa ndani, tairi likigusa fremu au ile fimbo ya kuzuia gari kulala, au huwa nje kwenye pembe ya nyuma ya fenda, karibu na mlango. Ule wa ndani hauponi kwa kupiga fenda, na ule wa nje hauponi kwa rimu yenye kina kidogo cha nyuma, utauongeza. Nasisitiza kwa sababu nimeona tiba hizo zikibadilishana mahali.

Kukunja mdomo wa fenda kwa kifaa cha rola, huku rangi ikipashwa moto, ni kazi halali na haionekani ikifanywa na mwenye mkono. Kukata bodi ya asili ni jambo jingine. Badilisha tairi kwanza: 275/60R15 ina kipenyo cha milimita 711, 245/60R15 ina 675. Hiyo ni nafasi ya milimita 18 zaidi pale juu, karibu na fenda, na 15 zaidi kila ubavuni. Rimu hazijaguswa, na bodi ya miaka hamsini imebaki nzima.

Gari linatetemeka

Kabla ya kumrudishia lawama fundi wa balansi, sikiliza mtetemo wenyewe. Tairi la kipenyo cha milimita 671 kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa huzunguka kama mara 13 kwa sekunde. Propela ya gari lile lile, ikiwa difu ni ya uwiano wa 3.55, huzunguka kama mara 47. Mtetemo wa gurudumu ni wa kutikisa, unaouhisi kwa mapigo. Wa propela ni wa kuvuma, kama nyuki kwenye sakafu. Ukivuma, tazama propela na pembe ya difu, hasa kama gari lilishushwa siku ile ile rimu zilipofungwa. Ukibaki na kasi ya gari hata ukiweka giaboksi huru, injini imeshatoka kwenye orodha.

Mtikisiko ukiwa mkononi kwenye usukani, anzia mbele. Ukiwa kwenye kiti, anzia nyuma. Kama rimu za mbele na nyuma ni sawa, badilishana uone kama dalili inahama.

Jaribio ninalolipenda zaidi halihitaji chombo chochote: vua gurudumu, lizungushe kwa matundu mawili, lifunge tena. Mtetemo ukibadilika wazi, gurudumu na kitovu vinachangia pamoja, au rimu haikai katikati. Usipobadilika hata kidogo, tatizo liko ndani ya gurudumu lenyewe, au halipo kwenye gurudumu kabisa.

Halafu kuna suala la kukaa katikati, na hapa magari haya hutofautiana na ya leo. Rimu za kisasa hutegemea tundu la katikati kushika kitovu. Rimu nyingi zilizouzwa kwa ajili ya magari haya, za zamani na mpya, zina tundu kubwa zaidi ya kitovu na huwekwa katikati na nati za koni peke yake. Hazina kasoro, ila zina masharti mawili. Nati zikazwe kwanza gari likiwa juu, kwa mtindo wa nyota, maana ukikaza moja mpaka mwisho uzito wa gari ukiwa juu yake, rimu inabaki imeegemea upande mmoja. Na balansi ifanywe rimu ikiwa imeshikwa kwa matundu ya bolti. Mashine nyingi hushika rimu kwa koni kwenye tundu la katikati, na kama tundu hilo halikuchongwa kwa usahihi, mashine itasema sifuri na gari litaendelea kutikisika. Omba fundi atumie sahani ya kufunga kwa bolti. Asiyekuwa nayo, tafuta mwenye nayo.

Mwisho pima kupinda. Weka geji ya saa, au hata kipande cha waya kilichofungwa kwenye stendi, karibu na ukingo wa ndani wa rimu na uizungushe. Kwa rimu, zaidi ya milimita 0.8 kwa juu-chini au kwa pembeni ni nyingi. Rimu ikiwa sawa na tairi likapanda na kushuka, tairi ndilo la kubadilisha, au lizungushwe juu ya rimu hadi sehemu ndefu ya moja ikutane na fupi ya nyingine.

Rimu zilizotumika zinataka jicho la ziada. Zisafishe hadi uone chuma, kisha tafuta nyufa nyembamba kama nywele kati ya tundu moja la bolti na jingine na pale mikono inapoungana na pipa. Kwenye Cragar S/S za zamani, ambazo katikati ni alumini na duara la nje ni chuma, kagua maungio kwa kutu. Za magnesi halisi zina uzuri wake, lakini umri umezila. Mimi ningeziweka ukutani. Rimu yenye ufa haichomelewi.

Usukani umebadilika tabia

Gari linawinda barabara, linafuata mifereji ya lami, linarusha usukani ukigonga shimo upande mmoja. Sababu kubwa ni kwamba rimu yenye kina kidogo cha nyuma imesogeza tairi mbali na mhimili ambao gurudumu hugeukia, hivyo kila pigo la barabara limepata mkono mrefu wa kuvuta. Tairodi na idla, yaani viungo vya usukani, zilizochakaa ambazo rimu nyembamba ilikuwa ikizifichia aibu, sasa zinaonekana. Zikague kabla ya alaimenti.

Na alaimenti usiifanye kwa takwimu za kitabu cha gari. Viwango hivyo viliandikwa kwa tairi za zamani za nyuzi za mshazari, vikiwa na kasta (mlalo wa mhimili wa usukani kwenda mbele au nyuma) karibu na sifuri na kemba (mlalo wa gurudumu kwenda ndani au nje) chanya kidogo. Tairi za radiali pana hutaka kasta chanya, digrii 2 hadi 4 kadiri mikono ya juu itakavyoruhusu, kemba kati ya sifuri na hasi nusu, na matairi ya mbele kuelekeana ndani kwa milimita 1.5 hadi 3. Bila usukani wa hidroli, kasta nyingi itakuchosha mikono wakati wa kuegesha, hivyo baki karibu na 2. Upepo nao uliandikwa kwa tairi zile, karibu psi 24. Radiali zikijazwa hivyo hulegea na gari huonekana limelewa. Anza na 30 au 32 kisha rekebisha.

Likivuta upande mmoja, badilishana matairi ya mbele kushoto na kulia. Mvuto ukihama, ni tairi. Usichanganye radiali na zile za mshazari kwenye gari moja hata kwa siku chache. Ncha mbili za gari zitakuwa na akili mbili tofauti kwenye kona.

Upepo unapungua, spidomita inadanganya

Upepo ukishuka taratibu bila pancha, paka maji ya sabuni kwenye valvu, kwenye ukingo pale tairi linapokaa, na juu ya pipa lote kwa ndani. Povu ukingoni ni kutu au kromu inayobanduka: ivue, sugua, funga upya. Povu katikati ya alumini ni vitundu vidogo kama usubi vilivyobaki alumini ilipomiminwa kwenye kalibu, na rimu mpya ya namna hiyo irudishwe kwa muuzaji.

Spidomita hufuata kipenyo cha tairi. Gari lililopangwa kwa tairi la inchi 26.4 likivaa la inchi 28, litasoma 100 wakati kweli unakwenda 106. Tiba ni kubadilisha kile kigia kidogo cha plastiki cha kebo ya spidomita kwenye giaboksi. Vipo vya idadi tofauti za meno, na tairi likiwa kubwa unachukua chenye meno machache zaidi kwa upande wa kebo.